Sura ya Tisa: Iswa wa Usiku

Kwa hesabu ya Sajenti Ndassa mwenyewe, kesi ya Gaspari ilikuwa imekwisha. Ilimfumukia tena kwa sababu ya ulafi.

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na saba Desemba 1996, saa mbili asubuhi, sokoni Ngara. Kwa siku kadhaa barabara kuu ilikuwa imejaa Wanyarwanda waliokuwa wakirudi kwao, wengine kwa kupenda, wengi kwa kutopewa nafasi ya kutopenda, na kila askari mwenye miguu mizima alikuwa amepelekwa huko. Ndassa aliachwa kituoni amalizie majalada. Jalada la juu kabisa lilikuwa la Gaspari, mkulima wa Mabawe, aliyekutwa amekufa kando ya kichuguu chake siku ya Jumatano, tarehe ishirini Novemba, kichwa kimepasuliwa kwa kitu kizito. Mtuhumiwa alikuwa Celestini, mkimbizi aliyekuwa akimfanyia vibarua marehemu. Kesho yake asubuhi alikuwa apelekwe mahakamani kusomewa shtaka la kuua. Akishasomewa, hakuna sajenti mwenye mkono wa kumrudisha nyuma, na mwisho wa shtaka hilo ni kamba.

Ndassa hakuwa na wasiwasi. Alitaka kumbikumbi tu, wa kukaanga, wa kutafuna huku akipiga muhuri.

Mwanamke mzee aitwaye Evarista alikuwa amewapanga juu ya majani ya mgomba, mafungu mawili. Ndassa alimpa shikamoo yake, akachota kidogo fungu la kwanza, akachota kidogo fungu la pili, akachanganya kiganjani kama alivyofanya tangu utoto kwao Nyarubungo, Biharamulo. Bibi alimpiga kofi dogo mkononi. Akamwambia asimchafulie biashara, wateja wanajua wanachotaka.

"Mama, kumbikumbi si kumbikumbi?"

"Kuku na kanga wote wana mbawa," Evarista alisema. "Utawafungia banda moja?"

Kisha, kwa kuwa soko lilikuwa bado baridi na askari alikuwa na sura ya mtu asiyefundishwa vizuri kwao, alimweleza. Hawa wadogo ni iswa wa ngoma, iswa ndilo jina la kumbikumbi huku. Wanaruka mchana, jua likishageuka, siku inayofuata mvua. Unakifunika kichuguu kwa majani na blanketi, unachimba kishimo, unapiga vijiti juu ya gogo mpaka watoke wenyewe kufuata mwanga ulioubakiza. Wale wakubwa hawaijui ngoma. Unaweza kupiga mpaka viganja vivimbe, hawatoki. Wanatoka usiku mkuu, mvua kubwa ikishakatika, kabla jogoo hajawika, na wanafuata taa. Wala hawakai pamoja. Kila kichuguu kina watu wake.

Ndassa aliuliza kama kuna siku wale wakubwa huruka mchana. Bibi alimjibu kwamba ana miaka sabini na hajaiona siku hiyo. Sajenti akakumbuka sentensi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe ndani ya jalada, ukurasa wa nne, akaukunja mkono wenye kumbikumbi na kuelekea kituoni.

Sentensi yenyewe ilisema hivi: *Mbawa za kumbikumbi zimekutwa zimegandamana na koti la marehemu. Mtuhumiwa amekamatwa akiwa na mfuko wa kumbikumbi. Hivyo mtuhumiwa na marehemu walikuwa mahali pamoja.* Ndassa alikuwa ameona fahari juu ya ile "hivyo". Mkuu wa kituo alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni "safi".

Kwenye chumba cha vielelezo alitandaza karatasi mbili juu ya meza. Kwenye ya kwanza alimwaga bahasha ya Kielelezo A, mbawa alizozibandua kwa kisu kutoka kwenye koti la Gaspari. Kwenye ya pili alimwaga sehemu ya Kielelezo B, mfuko wa kitambaa aliokamatwa nao Celestini. Hakuhitaji darubini. Mbawa za koti zilikuwa pana, za kahawia, ndefu kuliko pingili mbili za kidole chake. Za mfukoni hazikufika nusu yake. Alizipekua za koti moja moja, akitafuta hata ubawa mmoja mdogo wa kumwokoa yeye, Ndassa, na aibu. Hakuupata.

Alikaa chini akaanza kufikiri, kazi ambayo serikali ilikuwa inamlipa aifanye tangu Novemba.

Mbawa zile zilikuwa zimegandia upande wa kifuani, upande ambao marehemu aliulalia, na matope yake. Kwa hiyo Gaspari alianguka juu yake zikiwa zimeshapukutika, au wadudu wenyewe walimtambalia akiwa chini. Vyovyote vile, alikuwa kwenye kichuguu wakati iswa wakubwa wanatoka. Mvua kubwa ilinyesha Jumanne usiku. Jumatano kutwa ilikuwa jua. Gaspari hakuuawa Jumatano alasiri. Aliuawa kabla Jumatano haijapambazuka, na alilala pale karibu kutwa nzima akingoja kuokotwa.

Daftari la mfukoni lilikuwa na mambo mengine, yote kwa mwandiko wake safi, yote hayakumwambia kitu siku ile. Marehemu alivaa koti zito la sufu. Nani anavaa koti la sufu saa tisa ya mchana, jua la Novemba? Mwili ulikuwa umekakamaa wote, mikono na miguu, walipouinua saa kumi na moja jioni. Mtu aliyekufa saa mbili tu zilizopita hakakamai hivyo. Daktari alikuwa ameulizwa kilichomuua, akajibu. Hakuna aliyemwuliza lini, kwa sababu lini ilikuwa inajulikana. Na ilijulikana kutoka kinywa kimoja: Frednand, mdogo wake marehemu, aliyeapa kwamba saa saba mchana alikula ndizi na kaka yake, na kwamba kaka aliondoka kwa hasira kwenda kumfukuza mkimbizi anayempigia ngoma kwenye kichuguu bila ruhusa.

Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga. Ndassa alikuwa ameuliza sana, lakini kwa mtu mmoja.

Celestini alikuwa ameketi chini kwenye kona ya mahabusu, magoti kifuani. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na siku ishirini na saba hazikumwondolea tabia ya kusimama mkubwa anapoingia. Ndassa alimwambia akae.

"Ile Jumanne usiku, kabla ya siku uliyokamatwa. Ulikuwa wapi?"

Celestini aliinua kichwa.

"Umeniuliza habari za Jumatano mara tisa, afande. Za usiku hukuniuliza hata mara moja."

"Nakuuliza sasa."

Alikuwa kambini, alisema, kwenye hema la wazazi. Mke wake Véronique alijifungua saa tisa usiku, mtoto wa kike. Asubuhi maziwa hayakutoka. Mama yake Celestini, kule kwao, alikuwa akiwalisha wazazi iswa, akisema wanaleta maziwa, na kambini hakukuwa na kichuguu kilichobaki na kitu. Akaanza kutembea saa kumi na mbili. Mabawe alifika saa saba. Alibisha hodi kwa mzee Gaspari, hakuna aliyeitika, akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu cha chini, karibu na kijito, kile ambacho mzee alikuwa amempa ruhusa tangu mvua za kwanza. Akapiga ngoma mpaka saa kumi. Alipokuwa akifunga mfuko wake ndipo watu walipomjia na marungu, Frednand mbele yao.

"Ulibisha hodi saa saba, na hakuna aliyeitika?"

"Niliyasema hayo siku ya kwanza. Wewe uliandika kwamba ninadanganya."

Ilikuwa kweli. Ukurasa wa sita.

Pikipiki ya kituo ilimfikisha kambini saa tano. Mlima uliokuwa na watu wengi kuliko mji wowote alioujua Ndassa ulikuwa umebaki na mafiga, matambara ya turubai la bluu na visiki. Muuguzi aitwaye Priscila alikuwa akipanga madaftari kwenye maboksi, na dereva wa lori alikuwa akimpigia honi. Ndassa alimwomba daftari la wazazi la Novemba. Priscila alimwambia limeshafungwa. Ndassa alisema kuna mtu atakufa kwa ajili yake, na muuguzi akakata kamba ya boksi kwa meno.

Habari yake ilikuwepo. Tarehe ishirini Novemba, saa tisa usiku, mama Véronique, mtoto wa kike, kilo mbili na robo, jina Ineza. Pembeni kulikuwa na maelezo kwamba jenereta lilizimika.

"Baba alikuwepo?" Ndassa aliuliza.

"Ndiye aliyenishikia taa. Alitetemeka mpaka nikamwambia aegemee mlingoti."

Priscila aliyasaini maelezo yake juu ya boksi. Kisha naye akawa na swali: yule baba alipotelea wapi? Ndassa alipomweleza, Priscila aliacha kupanga madaftari. Alisema Véronique alimngoja mumewe wiki tatu na zaidi. Habari kutoka Mabawe haikufika, na watu wa jirani walimwambia kilichokuwa rahisi kuaminika, kwamba mwanamume ameona mtoto, ameona njaa, amekimbilia mashariki peke yake. Jumamosi msafara ulipopita, naye alijitwika mzigo wake akaondoka.

"Alisema heri angekuwa amekufa," Priscila alisema. "Maiti hamkimbii mtoto."

Lori likapiga honi tena. Ndassa aliondoka bila kuaga vizuri.

Mke wa marehemu, Domisiana, alikuwa akichambua maharage mbele ya nyumba yake, Mabawe. Ile Jumanne alikuwa kwenye msiba Nyakisasa, akalala huko, akarudi Jumatano saa kumi kumkuta mumewe baridi. Ndassa alimwamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Alimwuliza mzee alitumia nini kutegea iswa wa kichuguu cha juu, kile alichofia kando yake. Mama alijibu kwamba alitumia chemli, taa ya mafuta, ile ambayo mpini wake ulikatika na Gaspari akauunga kwa spoku ya baiskeli. Aliitafuta siku ya mazishi, hakuiona. Waombolezaji nao ni watu, alisema, wengine huja kulia, wengine huja kutazama.

"Mama, wewe ndiye uliyemwosha. Uliziona mbawa kifuani?"

"Niliziona."

"Ulijua ni za usiku?"

"Nimezaliwa hapa, baba."

Ndassa aliuliza basi kwa nini hakumwambia. Domisiana aliendelea kuchambua maharage, mabovu huku, mazima huku.

"Ulikuja na jibu. Mtu akija na jibu, sisi wengine tunatafuta swali la nini?" Akatupa harage bovu. "Na huyo mdogo wake ndiye anayenilimia. Sina mtoto wa kiume. Nikimtaja, nalala wapi?"

Hasira ilimpanda Ndassa, kisha ikakosa pa kwenda. Kijiji kizima kilikuwa kimeziona mbawa zile. Watu arobaini walisimama kuzunguka maiti, watu waliokula iswa tangu hawajaota meno, na wote walimwacha askari mgeni aandike ujinga wake mpaka mwisho. Walikuwa wamechoka na wakimbizi, miti yao imekwisha, mihogo yao inang'olewa usiku. Mmoja akifungwa kwa kosa lisilo lake, yapo makosa ya wenzake ambayo hakuna aliyefungwa kwayo. Hivyo ndivyo walivyofikiri, na Ndassa alijua kwa sababu naye ndivyo alivyofikiri. Kwake yeye mkimbizi alikuwa mkimbizi, kama kumbikumbi walivyokuwa kumbikumbi.

Alimchukua Anatoli, mwenyekiti wa kitongoji, awe shahidi, na Domisiana akawafuata bila kuitwa. Frednand alikuwa akisuka kamba uani kwake, mtu wa miaka hamsini, mpole wa sura, mwepesi wa kukaribisha. Ndassa aliomba ungo. Juu yake alimwaga mbawa kumi za Kielelezo A na kumi za Kielelezo B, alizozitoa kituoni baada ya kuandika kwenye kitabu cha vielelezo, akazichanganya kwa kidole.

"Nisaidie, mzee. Mimi mtu wa Biharamulo. Nitengee hizi."

Frednand alizitazama. Mkono wake ulianza kwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi, kisha akaurudisha kwenye kamba.

"Nitenge nini, afande? Iswa ni iswa tu."

Anatoli alitazama chini. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo alisimama, akamtazama Frednand, akaendelea na safari yake kwa hatua za polepole.

"Zote ni sawa?"

"Sawa."

"Mzee wenu aliwafundisha nyote wawili," Domisiana alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya kichuguu hicho hicho. Gaspari aliniambia wewe ndiye uliyekuwa mwepesi zaidi."

Ndassa alimwuliza Anatoli. Mwenyekiti alikohoa, akaguna, akasema macho yake siku hizi si mazuri. Sajenti alimkumbusha kwamba kumficha muuaji nako kuna kifungu chake. Macho ya mwenyekiti yakapona. Akachuchumaa, akatenga mbawa kumi huku na kumi huku, upesi kuliko inavyosemwa, na zile kumi za kwanza akasema ni za usiku, si za mchana hata kidogo.

"Sasa, mzee Frednand. Hizi za usiku zilikuwa chini ya kifua cha kaka yako. Wewe ulikula naye ndizi saa saba mchana. Ulikula na nani?"

Frednand alisema huenda alikosea siku. Ndassa akamsomea maelezo yake: Jumatano, baada ya jua kuwa utosini, ndizi na maharage. Frednand akasema huenda kaka alilivaa koti lenye mbawa za zamani. Domisiana akasema alilifua koti hilo Jumatatu na kulianika, majirani waliliona. Frednand akasema mkimbizi ndiye, alikutwa pale. Ndassa akamwonyesha maelezo ya muuguzi: saa tisa usiku mkimbizi alikuwa kambini, mwendo wa saa saba kutoka pale, ameshika taa.

"Tukizungumza habari za taa," Ndassa alisema, "tutatazama ndani."

Walizunguka chumba cha kulala, wakazunguka ghala, hawakuona kitu. Bila taa alikuwa na mbawa tu, na mwanasheria yeyote angezipeperusha kwa pumzi moja. Ndipo Anatoli, pengine kwa kutaka macho yake yasahauliwe, alipoonyesha kwa kidevu dari ya jikoni, mahali panapokaushiwa mbegu za mahindi. Ndassa alipanda juu ya kinu, akapapasa kwenye masizi, akaishusha chemli yenye kioo kilichovunjika. Mpini wake ulikuwa spoku ya baiskeli.

Domisiana aliipokea kwa mikono miwili. Hakulia. Alimwuliza shemeji yake kitu kimoja tu, kwa Kihangaza, lugha yao, na Frednand akaketi chini kwenye vumbi.

Aliyoyasema yaliandikwa ukurasa mmoja na nusu. Kichuguu cha juu kilikuwa cha baba yao. Baba alimwachia Gaspari kwa kuwa ndiye mkubwa, na Frednand akapewa kingine, ambacho alikichimba kwa pupa mwaka mmoja mpaka akaua kizazi chake chote, kikabaki udongo. Tangu hapo kila Novemba alikuwa mtu wa kuomba, na Gaspari alikuwa mtu wa kukataa, akisema aliyeua chake ataua na cha mwenzake. Mwaka ule akasikia kwamba kichuguu cha chini amepewa Mnyarwanda.

"Mkimbizi amepewa," Frednand alisema. "Mimi wa tumbo moja naye nimenyimwa."

Usiku ule wa mvua alikwenda kutega kwa siri, akijua shemeji yuko msibani na kaka amelala. Kaka hakuwa amelala. Alikuja na chemli, akamwinulia usoni, akamwita mwizi, akasema Jumapili kanisani atayasema mbele ya watu. Jembe lilikuwa mkononi kwa ajili ya kuchimba kishimo. Alipiga mara moja, kwa mgongo wa jembe. Iswa waliendelea kutoka. Frednand alisema hilo ndilo asilolisahau, waliendelea kutoka kwa wingi, wakifuata taa iliyoanguka, mpaka ilipozimika.

"Na Celestini?"

"Huyo nilimsikia anapiga ngoma mchana." Frednand alifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa sijui nifanye nini na maiti. Nikasikia ngoma."

Kikulacho ki nguoni mwako, Anatoli alisema, kwa sauti ya mtu ambaye siku zote alikuwa upande wa haki. Ndassa alimfunga Frednand pingu. Walipokuwa wakitoka, Domisiana alisimama mlangoni pa jikoni na taa yake mbovu, mjane asiye na mtoto wa kiume, na hakuna mtu aliyemwuliza sasa atalimiwa na nani.

Mkuu wa kituo alilisoma jalada jipya akiwa amesimama. Alifika kwenye neno "safi" aliloliandika mwenyewe, akalifuta kwa wino mpaka karatasi ikatoboka, kisha akasaini kuachiwa kwa Celestini. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Saa chache kabla ya mahakama, mtu alikuwa ameokolewa kutoka kwenye kamba, na Ndassa alisubiri kujisikia vizuri.

Alimweleza Celestini yote mezani, pamoja na ya Priscila, kwa kuwa aliona hana haki ya kuyaficha. Celestini alisikiliza kuhusu Frednand kama mtu anayesomewa habari za nchi ya mbali. Aliposikia kwamba Véronique ameondoka Jumamosi, alifumba macho. Aliposikia alivyosema, aliyafumbua.

"Anaamini nimemkimbia."

"Utamweleza."

"Kwa kinywa? Mwanamume aliyepotea wiki nne, aje na maneno?" Alielekeza kidole mezani. "Nipe mfuko wangu, afande. Ule wa iswa. Kitambaa chake ni kipande cha kanga yake, alikikata mwenyewe asubuhi ile nilipoondoka. Akiuona umejaa, atajua nilikwenda nilikosema nakwenda."

Mfuko ulikuwa juu ya meza, kati yao, na kibandiko chake shingoni. Ndassa aliutazama. Asubuhi ulikuwa wa kumnyonga mtu huyu. Jioni ulikuwa wa kumfunga mwingine, kwa sababu bila wadogo wa mchana kando ya wakubwa wa usiku hakimu hataona tofauti, kama yeye mwenyewe alivyokuwa haioni.

"Siwezi," alisema. "Ni kielelezo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe. Mwaka. Miwili."

Celestini aliitikia kwa kichwa taratibu. Ndassa, ambaye hakuweza kumtazama, alivuta karatasi ya serikali na kumwandikia barua. Aliiandika kwa uangalifu kuliko maandishi yake yote: kwamba mwenye barua hii alishikiliwa kituoni tangu tarehe ishirini Novemba kama mtuhumiwa wa mauaji, kwamba uchunguzi umethibitisha hana hatia, kwamba ameachiwa huru. Akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke, akampa.

Celestini aliisoma kwa utaratibu wa mwalimu, kidole chini ya maneno. Kidole kikasimama.

"Afande. Unajua mimi narudi wapi?"

Ndassa alikuwa bado ameshika muhuri.

"Mpakani watanipekua. Wanatafuta watu walioua kule mwaka tisini na nne. Nikiwapa karatasi yenye muhuri wa polisi, unadhani watasoma mpaka mstari wa tatu?"

Akaikunja barua mara mbili, akairudisha juu ya meza karibu na mfuko. Aligusa kile kitambaa cha kanga kwa ncha ya kidole, mara moja. Aliomba maji, akanywa kikombe kizima, akashukuru. Kisha akatoka kuelekea barabara kuu, mikono mitupu, kwa mwendo wa mtu ambaye mke na mtoto wamemtangulia kwa siku tatu katikati ya umati usiohesabika.

Sajenti Ndassa alifungua kitabu cha vielelezo. Kwenye mstari wa Kielelezo B, mahali alipokuwa ameandika "kumbikumbi, mfuko mmoja", aliongeza kwa herufi ndogo, "wadogo, wa mchana". Barua aliitia ndani ya jalada, kwa kuwa karatasi yenye muhuri haitupwi, akafunga ofisi.